Dietrich Brandis

Dietrich Brandis (Bonn, 31 Machi 1824 – Bonn, 28 Mei 1907) alikuwa mwanabotania na mtaalamu wa misitu kutoka Ujerumani aliyefanya kazi chini ya serikali ya Uingereza huko Burma (leo Myanmar) na Uhindi. Anakumbukwa kama mwanzilishi wa idara ya misitu ya Uhindi na kama mtu aliyekuza utaratibu wa taungya, yaani kupanda miti ya mbao pamoja na mazao ya chakula katika shamba moja kwa miaka michache ya mwanzo. Utaratibu huo ulifika Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na huko unajulikana kama "mfumo wa shamba".

Maisha ya awali

Brandis alizaliwa Bonn, mji ambao baba yake, Christian August Brandis, alikuwa profesa wa falsafa katika chuo kikuu. Alipokuwa mvulana aliishi miaka kadhaa nchini Ugiriki, kwa kuwa baba yake aliitwa huko kuwa mshauri wa mfalme Otto. Baadaye alisoma botania huko Copenhagen, Göttingen na Bonn, na kuanzia mwaka 1849 alifundisha somo hilo katika chuo kikuu cha Bonn. Hakusomea misitu. Mtu anayeitwa mara nyingi baba wa misitu ya nchi za joto alianza kazi yake akijua mimea kwa majina yake ya Kilatini, huku mambo ya ukataji, usafirishaji na uuzaji wa magogo akijifunza porini.

Mwaka 1854 alimwoa Rachel Marshman, binti wa mmisionari Joshua Marshman wa Serampore, Bengal. Dada wa Rachel alikuwa mke wa Henry Havelock, ofisa wa jeshi la Waingereza nchini Uhindi. Kupitia ujamaa huo jina la Brandis lilimfikia Lord Dalhousie, gavana mkuu wa Uhindi, aliyekuwa akitafuta mtu wa kusimamia misitu ya Pegu, jimbo la Burma ambalo Waingereza walilitwaa katika vita ya mwaka 1852. Brandis alianza kazi hiyo mwanzoni mwa mwaka 1856. Mwaka uliofuata aliongezewa misitu ya Tenasserim na Martaban.

Misitu ya mitiki

Kilichotafutwa Pegu kilikuwa msaji, ambao Afrika Mashariki wengi huuita mtiki. Mbao zake hazioliwi kirahisi na mchwa, hazipindi zikikauka wala haziozeshi misumari ya chuma, hivyo zilitafutwa sana kwa kujenga meli wakati miti ya mialoni ilipokuwa ikipungua Uingereza.

Brandis alikuwa na mfano mbaya karibu naye. Tenasserim ilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu mwaka 1826, na wafanyabiashara wa Moulmein (leo Mawlamyine) walipewa vibali vya kukata mitiki. Kwa muda usiofikia miaka thelathini mitiki mikubwa kando ya mito ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba mitiki yote ya Pegu ni mali yake, kampuni za mbao zilidai misitu ifunguliwe kwao, na ugomvi huo ulimwandama Brandis miaka yote aliyokaa Burma. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 alilazimika kukubali sehemu ya misitu ikatwe na wakandarasi binafsi, ila kwa masharti na chini ya ukaguzi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Hakukuwa na ramani za kutosha, na kupima msitu wote kungechukua miaka mingi. Brandis alipita msituni juu ya tembo, akifuata migongo ya vilima na njia za vijito, akahesabu kila mtiki ulioonekana kando ya mstari wa safari yake. Karatasi zililowa kwa unyevu, hivyo alishika vipande vya mianzi mkononi na kuvitia alama kwa kisu, mkato mmoja kwa kila mti. Jioni alihesabu mikato. Miti aliigawa katika madaraja manne kwa kipimo cha mzingo wa shina: daraja la kwanza lilikuwa miti ya futi 6 au zaidi, la pili kuanzia futi 4 na nusu hadi 6, la tatu kuanzia futi 1 na nusu, na la nne miche na miti midogo kuliko hapo.

Hesabu iliyofuata ilikuwa rahisi, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake. Kwa kupima ukuaji, alikadiria kwamba mti wa daraja la pili huhitaji miaka 24 kuingia daraja la kwanza. Basi kila mwaka ingefaa kukata sehemu moja tu kati ya 24 za miti mikubwa iliyopo, na wakati mkubwa wa mwisho unapoanguka, wa daraja la pili wangekuwa wamechukua nafasi. Kwa njia hiyo msitu ulikuwa na kikomo cha mavuno kilichoandikwa kwa namba, ambacho mfanyabiashara au gavana angeweza kukipinga lakini asingeweza kukipuuza.

Mtiki uliochaguliwa haukuangushwa mara moja. Gogo bichi la mtiki huzama majini, na mito ndiyo iliyokuwa barabara pekee. Mafundi walikata pete kuzunguka shina, kupita gome na mti mweupe hadi kwenye kiini, na mti ukafa ukiwa umesimama. Uliachwa hivyo miaka miwili au mitatu hadi ukauke. Kisha uliangushwa, tembo wakalivuta gogo hadi kwenye kijito kilichokauka, na mvua zilipofika mafuriko yalilichukua hadi mto mkubwa, ambako magogo yalifungwa kuwa machelezo na kuelea hadi Rangoon (leo Yangon).

Taungya

Kukata kwa kiasi hakukutosha. Mahali palipokwisha kuvunwa, mianzi na nyasi viliziba ardhi na miche ya mtiki haikupata mwanga. Ilibidi kupanda.

Brandis hakuwa wa kwanza kujaribu. Huko Nilambur, katika Malabar kusini mwa Uhindi, mtawala wa wilaya Henry Valentine Conolly pamoja na msaidizi wake Chathu Menon walianza shamba la mitiki katika miaka ya 1840. Walihangaika mwanzoni kwa sababu mbegu zilikataa kuota. Tunda la mtiki lina ganda gumu sana, na likifukiwa tu ardhini laweza kukaa msimu mzima au zaidi bila kuchipua. Wapandaji hulazimika kuliloweka na kulianika jua kwa zamu, au kutumia joto, hadi ganda lilegee. Kipande cha shamba hilo kingalipo Nilambur, na mitiki yake ni kati ya mikongwe zaidi iliyopandwa na binadamu.

Nilambur ilipandwa kwa vibarua wa kulipwa, na hilo ni ghali. Gharama kubwa ya kupanda msitu haiko kwenye siku ya kutia mche ardhini. Iko kwenye kufyeka kabla ya hapo, na zaidi kwenye palizi ya miaka miwili au mitatu inayofuata. Mtiki mchanga hauvumilii kivuli. Ukiachwa msimu mmoja tu wa mvua chini ya magugu, unakufa au unabaki kijiti. Katika vilima vya Pegu hapakuwa na vibarua wa kutosha wala fedha za kuwalipa.

Waliokuwapo ni Wakaren, wakulima wa kilimo cha kuhamahama. Kila familia ilifyeka kipande cha msitu wakati wa kiangazi, ikakichoma kabla ya mvua, ikapanda mpunga pamoja na pamba, pilipili na mboga, na baada ya mwaka mmoja au miwili ikahamia kipande kingine. Shamba la namna hiyo huitwa kwa Kiburma taungya, neno linaloungana kutoka "taung", kilima, na "ya", shamba. Kwa maofisa wengi wa misitu Wakaren walikuwa adui, kwani moto wao uliunguza mitiki, na baadhi yao walifikishwa mahakamani. Brandis aliona jambo jingine. Mkulima huyo alikuwa tayari anafyeka, anachoma na kupalilia, kwa hiari yake na kwa faida yake mwenyewe. Desturi ya kulima nafaka kati ya miti michanga ilikuwepo Ujerumani pia, naye aliifahamu.

Mapatano aliyopendekeza yalikuwa hivi. Mkaren alipewa ruhusa ya kufyeka mahali palipochaguliwa na idara. Baada ya kuchoma, alichomeka vijiti kwa mistari, kwa kawaida futi 6 kutoka kijiti hadi kijiti, na kwenye kila kijiti akapanda mbegu au mche wa mtiki. Katikati ya mistari alipanda mpunga wake. Alipoupalilia mpunga, mtiki ulipaliliwa pia. Mwisho wa msimu ofisa alikuja kuhesabu miti iliyo hai, na mkulima akalipwa kwa kila mia. Hakulipwa kwa miti aliyopanda bali kwa iliyoishi, na sharti hilo dogo lina uzito kuliko linavyoonekana: miradi mingi ya upandaji hadi leo hutangaza idadi ya miche iliyotiwa ardhini na kunyamaza kuhusu iliyobaki miaka mitatu baadaye.

Mpango haukushika haraka. Wakaren walielewa vizuri walichokuwa wakiombwa kutoa. Kilimo cha kuhamahama hutegemea kurudi: kipande kilichoachwa hupumzika miaka kumi au zaidi, msitu mdogo huota, na familia hurudi kukifyeka tena. Kipande kilichojazwa mitiki hakirudiwi. Kwa kila taungya iliyopandwa, ardhi ya ukoo ilihamia mikononi mwa idara kwa muda wote wa maisha ya mti, ambao ni zaidi ya nusu karne. Wengi walikataa kwa miaka mingi. Mafanikio yalianza kuonekana Tharrawaddy kuelekea mwaka 1870, wakati hifadhi za serikali zilipokuwa zikipanuka na nafasi ya kulima nje yake ikipungua, hata kukubali kukawa njia ya kubaki na ruhusa ya kulima. Wakati huo Brandis alikuwa ameshaondoka Burma. Kufikia mwisho wa karne taungya ilikuwa njia ya kawaida ya kupanda mitiki nchini humo, na gharama yake ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na ya mashamba ya vibarua.

Baada ya mkulima kuondoka kazi iliyobaki ilikuwa ya idara: kusafisha mipaka ya moto, kukata mizabibu inayopanda juu ya mashina, na kupunguza miti kila inaposongamana.

Kuhusu moto, Brandis na wenzake waliamini kwamba unapaswa kuzuiwa kabisa. Katika misitu mikavu ya Uhindi ya kati kizuizi hicho kilileta matokeo mazuri, lakini katika misitu yenye mvua nyingi ya Burma kilileta tatizo ambalo hawakulitarajia: bila moto, mianzi na vichaka vilisonga na mitiki michanga ikapungua. Mwaka 1896 ofisa mmoja wa Burma aliandika katika jarida la The Indian Forester kwamba ulinzi dhidi ya moto ulikuwa umezidi, na baada ya mabishano ya miaka mingi ulianza kulegezwa katika sehemu kubwa ya misitu ya mitiki. Wakulima wa vilimani walikuwa wakichoma kwa vizazi bila kuumaliza mtiki.

Uhindi

Mwaka 1862 Brandis aliitwa Uhindi kuishauri serikali, na mwaka 1864 akawa Mkaguzi Mkuu wa Misitu wa kwanza, cheo alichokishika hadi mwaka 1883. Sababu ya haraka hiyo ilikuwa reli. Kila maili ya njia ilihitaji zaidi ya mataruma 1,700, na ni miti michache tu iliyoweza kudumu ardhini: mtiki, mti unaoitwa sal, na mwerezi wa Himalaya. Mataruma ya miti mingine yalioza baada ya miaka michache.

Alisafiri jimbo kwa jimbo, akikagua misitu na kuandika taarifa ndefu. Mwaka 1866 aliwaleta Wajerumani wawili, Wilhelm Schlich na Berthold Ribbentrop, ambao baadaye walirithi cheo chake mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1878 ilianzishwa shule ya misitu huko Dehradun kwa ajili ya kufundisha wasimamizi Wahindi, na mji huo umebaki kitovu cha elimu ya misitu nchini Uhindi.

Sheria ya misitu

Sheria ya kwanza ya misitu ya Uhindi, ya mwaka 1865, ilionekana haraka kuwa dhaifu, na mabishano juu ya sheria mpya yalichukua karibu miaka kumi. Upande mmoja alisimama Henry Baden-Powell, ofisa aliyeshikilia kwamba ardhi yote isiyo na hati ni ya serikali, na kwamba watu wa vijijini waliokata kuni na kulisha mifugo msituni walifanya hivyo kwa kuvumiliwa tu, si kwa haki. Upande mwingine, serikali ya Madras ilisema karibu kila msitu una haki za kijiji ndani yake.

Brandis alikaa katikati. Alitaka serikali ichukue misitu muhimu na kuilinda kwa nguvu, lakini haki za wanavijiji ziandikwe, na kila kijiji kipewe msitu wake wa kuni na malisho, kama alivyoijua desturi hiyo Ulaya. Sheria iliyopitishwa mwaka 1878 ilielekea zaidi upande wa Baden-Powell. Iligawa misitu kuwa ya hifadhi, ya ulinzi, na ya vijiji. Mafungu mawili ya kwanza yalikua mwaka hadi mwaka. La tatu, lile Brandis alilolitaka, lilibaki kwa sehemu kubwa kwenye karatasi. Ni vigumu kumwondolea lawama kabisa, kwa kuwa idara iliyotumia sheria hiyo aliijenga yeye, na aliiongoza kwa miaka mitano baada ya sheria kupita. Historia ya malalamiko ya vijiji dhidi ya walinzi wa misitu Uhindi inaanzia hapo.

Miaka ya mwisho

Alistaafu mwaka 1883 na kurudi Bonn. Alikuwa mwanachama wa Royal Society ya London tangu mwaka 1875, na mwaka 1887 alipewa cheo cha Sir. Kwa miaka kadhaa aliwasimamia vijana wa Uingereza waliokuja Ujerumani kujifunza misitu kabla ya kwenda Uhindi. Kati ya waliomwendea kutaka ushauri alikuwa Mmarekani Gifford Pinchot, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya misitu ya taifa ya Marekani. Brandis alimwelekeza kusoma Nancy, Ufaransa, na kumtembeza katika misitu ya Ujerumani. Ni yeye pia aliyempendekeza Carl Schenck kwenda kusimamia misitu ya Biltmore, Carolina Kaskazini.

Alirudi pia kwenye botania aliyoianza akiwa kijana. Kitabu chake kuhusu mimea ya misitu ya kaskazini magharibi na kati ya Uhindi kilitoka mwaka 1874, na kile kikubwa zaidi, Indian Trees, mwaka 1906, yeye akiwa na umri wa miaka 82. Alifariki mwaka uliofuata.

Taungya katika Afrika Mashariki

Nchini Kenya idara ya misitu ya kikoloni ilianza kutumia utaratibu huo karibu mwaka 1910. Badala ya mitiki na mpunga, ilikuwa misonobari na miti ya saiprasi kati ya mahindi, viazi na maharagwe. Familia zilizokosa ardhi zilikaa ndani ya misitu, zikapewa kipande cha kulima na kutakiwa kuifanyia idara kazi kwa siku zilizopangwa. Mashamba makubwa ya miti ya nchi hiyo yalipandwa kwa sehemu kubwa kwa mikono yao, na miche iliponyanyuka juu ya mahindi walihamishwa kwenye kipande kingine.

Mfumo uliharibika pale ambapo miche haikupandwa, au ilipandwa na kung'olewa kimya kimya ili shamba libaki shamba. Katika miaka ya 1980 serikali iliupiga marufuku. Baadaye uliporudishwa kwa jina la PELIS, wakulima hawakuruhusiwa tena kuishi msituni. Wangari Maathai alikuwa kati ya wapinzani wake wakubwa, akiona kwamba unageuza msitu kuwa shamba na kuacha miti ya kigeni mahali pa miti ya asili. Wakulima wanaoishi kando ya misitu, kwa upande wao, hupata humo chakula ambacho hawangepata kwingine.

Tanzania nayo hutumia utaratibu huo katika baadhi ya mashamba ya miti ya serikali, hasa upande wa Kilimanjaro. Mtiki wenyewe uliletwa wakati wa utawala wa Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na leo mashamba yake makubwa yako Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro, na katika bonde la Kilombero.

Jenasi ya vichaka vya Asia iitwayo Brandisia imepewa jina lake.